Kabla hujalinganisha kaboni ya udongo chini ya miti tofauti

Anayeanza kazi hii huvutwa na anachokiona: tabaka nene la sindano chini ya misonobari, na ardhi karibu tupu chini ya miti fulani ya majani mapana. Hapo hapo anahukumu kwamba msonobari ndio unaotunza kaboni zaidi. Usiharakishe. Sindano zina lignini nyingi (kile kinachoupa mti ugumu) na kalsiamu kidogo, kwa hiyo huoza polepole na kubaki juu. Majani yenye kalsiamu nyingi huliwa na nyungunyungu na kushushwa chini, ambako kaboni hushikana na chembe za mfinyanzi. Ukijumlisha juu na chini, mara nyingi tofauti hupungua sana. Tena ile ya juu ndiyo hupotea kwanza moto ukipita.

Basi pima tabaka la juu na udongo wa chini, kila kimoja peke yake. Weka fremu ya sentimita 25 kwa 25, kata kingo kwa kisu, zoa kila kitu hadi udongo wenyewe, kausha, pima uzito. Kisha shuka na silinda ya chuma: sentimita 0–10, 10–20, 20–30.

Hesabu ni asilimia ya kaboni × msongamano wa udongo, yaani uzito wa udongo mkavu katika ujazo wake (gramu kwa sentimita ya ujazo) × kina (sentimita). Jibu ni tani kwa hektari. Mfano, 2 × 1.2 × 30 = 72. Mawe yakichukua asilimia 20 ya ujazo, zinabaki tani 57.6.

Msongamano ndio unaoharibu kazi za wengi. Silinda ikigongwa kwa nguvu hukandamiza udongo; linganisha usawa wa udongo ndani na nje yake, na ukiona wa ndani umeshuka, tupa, chimba pengine. Sampuli ya msongamano ikauke kwa nyuzi 105 hadi uzito usibadilike. Ile ya kupimwa kaboni maabara ianikwe tu, ichekechwe kwa matundu ya milimita 2.

Halafu kuna hali ya hewa, inayowapotosha hata wazoefu. Joto hukuza miti lakini huozesha haraka pia. Penye baridi uozaji huzorota, na maji yakituama oksijeni hukosekana, kaboni ikarundikana. Ukilinganisha misonobari ya mlima wenye baridi na miti ya bonde lenye joto, umepima hali ya hewa, si miti. Tafuta viwanja jirani vyenye mwinuko, mvua na aina ya mwamba vinavyofanana, na uulize kila kimoja kilikuwa nini kabla ya kupandwa: shamba lililolimwa miaka mingi huanza na kaboni pungufu, mti wowote uupande.