Je, Seahenge, lile duara la kale la magogo, ilijengwa baharini?
Hapana ndugu, watu wa kale hawakuijenga baharini. Wakati ule, hapo Holme pwani ya Norfolk, Uingereza, palikuwa kinamasi cha maji ya chumvi. Bahari ndiyo iliyowafuata, mboji na mchanga vikaifunika hadi ilipoibuka 1998. Umri wake hauna ubishi: pete za miti zinaonyesha mialoni ilikatwa mwaka 2049 KK, na makovu ya mashoka ya shaba nyeusi bado yanaonekana kwenye mbao. Kazi ipo kwenye "kwa nini". Magogo 55 yalizunguka kisiki kikubwa kilichopinduliwa, mizizi juu. Wapo wanaosema maiti ililazwa juu ya mizizi ile, ingawa mifupa haikupatikana. Mimi naegemea huko kwenye mazishi, ila siapi.