Kilomita 14,000 na Land Cruiser 250: jibu kwa anayetaka kusafiri nayo mbali

Ndugu, umeuliza kama Toyota Land Cruiser 250 inafaa safari ndefu ikiwa imejaa mzigo na watu wanne, na kama ni lazima ufunge springi ngumu kabla ya kuondoka. Nimeendesha langu, la dizeli ya lita 2.8, kilomita 14,000 tangu likiwa jipya, na zaidi ya nusu ya mwendo huo ulikuwa safari za siku nyingi mfululizo. Jibu langu ni kwamba gari linafaa sana, lakini springi usinunue kwanza. Kwanza lipime uzito.

Kilichonishangaza zaidi si nguvu bali hali ya mwili wangu jioni. Kabla ya hili nilikuwa na Prado ya 150, gari lililotangulia 250, na nikiendesha kwa muda wa saa nane mabega yalikuwa yakiuma. Chasisi ya 250 ni ya jamii moja na ile ya Land Cruiser 300, na umbali kati ya ekseli zake ni milimita 2,850 badala ya 2,790 za Prado hiyo. Usukani nao unasaidiwa na mota ya umeme badala ya haidroliki, hivyo gurudumu linapogonga jiwe, teke lake halifiki mikononi kama zamani. Wapo wanaolalamika kwamba usukani wa namna hii unamnyima dereva hisia ya barabara. Mimi nimeuzoea kwa siku mbili, na sitamani kurudi nyuma.

Injini inatoa nguvu ya kuzungusha ya nyutonimita 500 kuanzia mizunguko 1,600 kwa dakika, na giaboksi ina gia nane, kwa hiyo kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa inanguruma taratibu, chini ya mizunguko 2,000. Kwa mwendo huo, nikiwa na mzigo, gari linakula takriban lita 9.2 kwa kilomita 100, ila nikifika 120 linapanda hadi lita 11.4, kwa sababu bodi yake ya pembe pembe inapigana na upepo. Kwenye mchanga mzito kwa gia za chini nimewahi kuona lita 16. Tanki la gari langu ni la lita 80, nami huacha lita 10 bila kuzihesabu. Kwa hiyo hesabu yangu ni kilomita 760 kwa mwendo wa utulivu na karibu 610 kwa haraka. Tofauti hiyo ya kilomita 150 ndiyo iliyonifanya niache kukimbia.

Sasa nije kwenye matairi, maana hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Siku ya kwanza ya vumbi nilikuta barabara yenye matuta madogo madogo yaliyopangana kama mbavu, nami matairi yalikuwa bado na upepo wa kuendeshea lami, psi 38 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi). Chupa ya maji iliyokuwa kwenye kishikio ilitetemeka hadi kifuniko kikalegea, na mke wangu akaniomba nisimame. Niliteremsha upepo hadi 27 mbele na 29 nyuma, nikashika kilomita 60 kwa saa, na maji yakatulia chupani. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, kwani tairi lililopimwa 28 alfajiri nimelikuta na 33 saa saba mchana bila kuongezwa chochote. Ukirudi kwenye lami ujaze tena mara moja, kwa hiyo kompresa ndogo ni ya lazima.

Kosa langu kubwa lilikuwa keria, ile fremu ya mizigo juu ya paa. Nilipandisha juu hema, tairi la pili la akiba na madumu mawili ya dizeli, nikidhani paa limeumbwa kwa ajili hiyo. Gari likaanza kuyumba kwenye kona, na baada ya kilomita 300 za vumbi nikasikia mlio mwembamba juu ya kichwa changu. Nilipopanda kutazama, nati moja ya keria ilizunguka kwa kidole tu, na mguu wake ulikuwa umekwangua rangi ya paa hadi bati. Tangu hapo vizito vyote hukaa sakafuni, nyuma ya siti ya pili, na juu hubaki hema peke yake.

Nilipolipeleka kwenye mizani nikiwa na kila kitu, pamoja na abiria na tanki limejaa, nilikuta nimezidisha kilo 110 juu ya kiwango cha uzito kilichoandikwa kwenye cheti cha gari. Springi ngumu zisingeufanya uzito huo uwe halali, wala zisingeongeza uwezo wa breki. Nilishusha tairi la pili, dumu moja na sanduku la vifaa ambavyo sikuwahi kuvitumia, na kitako cha gari kikainuka chenyewe. Ukipima ukakuta uko ndani ya kiwango na bado nyuma kumelala, hapo ndipo springi zitakapokusaidia, nawe uchague zinazolingana na kilo ulizozisoma kwenye mizani.