Nani akae mbele? Maswali yenu kuhusu kiti cha kando ya dereva

Barua zimetoka Ruaka hadi Embakasi, na nyingi zinauliza jambo lile lile: gari limesimama, mlango wa kushoto uko wazi, watu wanatazamana. Tumezijibu kadiri zilivyokuja.

Jumapili nitampeleka mama yangu kanisani pamoja na mke wangu, ambaye amezoea kukaa mbele. Mwezi ujao tena tunampeleka mama mkwe kwao Kitui. Nani akae mbele? – Niko katikati, Ruaka

Hizo ni safari mbili na zina majibu mawili.

Mama mzazi hukaribishwa mbele, na anayefaa kumkaribisha ni mkeo, si wewe. Ukisema "hebu mpishe mama" mkiwa mlangoni na majirani wanaangalia, umewakosea wote: mmoja ataonekana amefukuzwa, mwingine ataonekana amenyang'anya. Liongeleeni nyumbani usiku wa kuamkia Jumapili. Asubuhi mkeo afungue mlango wa mbele, aseme "Mama, karibu hapa," kisha aingie nyuma. Huenda mama akajibu, "Aa, kaeni tu nyinyi." Mkaribisheni mara ya pili. Akikataa tena amekataa kweli, msimvute mkono.

Pengine anakataa kwa ajili ya magoti. Gari dogo kama Vitz liko chini, na kuingia ndiko kunakoumiza kuliko kukaa. Kabla hajafika mlangoni, rudisha kiti nyuma hadi mwisho na usimamishe egemeo. Ageuze mgongo, atangulize makalio, aketi sawasawa, ndipo azungushe miguu yote miwili ndani kwa pamoja. Anayetanguliza mguu mmoja hubaki ameninginia nusu ndani nusu nje, uzito wote ukiwa kwenye goti moja. Kwa gari la juu kama Prado shida huwa ni kupanda: beba kistuli kidogo kwenye buti, na umwonyeshe mshikio ulio juu ya mlango mapema. Kamwe asishike mlango wenyewe, maana unacheza.

Sasa mama mkwe. Kwa Wakamba, kama ilivyo kwa Wabukusu, mkwe wa kiume na mama mkwe huwekeana umbali wa heshima. Kukaa bega kwa bega hadi Kitui, mkono wako ukipita karibu na goti lake kila unapobadilisha gia, si raha kwake wala kwako. Mkeo akae mbele, mama mkwe akae nyuma kushoto, ambapo mlango unafungukia kando ya barabara. Familia nyingi za mjini zimelegeza desturi hii, kwa hiyo uliza. Muulize mkeo lakini. Ukimuuliza mama mkwe mwenyewe atakwambia "popote tu, mwanangu," na hutakuwa umejua lolote.

Meneja wetu atanibeba kwenye gari lake hadi mkutanoni Upper Hill. Nikae nyuma kumpa heshima? – Karani, Embakasi

Anaendesha mwenyewe? Basi kaa mbele. Ukikaa nyuma umemfanya dereva wako, na hakuna meneja anayependa kuonekana hivyo getini.

Akiwa na dereva, mambo hugeuka. Hapa kwetu usukani uko kulia, kwa hiyo kiti cha mkubwa ni nyuma kushoto: hashukii upande wa magari yanayopita, na kiti kilicho mbele yake kinaweza kusogezwa ili anyooshe miguu. Wewe kaa kando ya dereva. Mkiwa na mgeni, mgeni ndiye anayepewa nyuma kushoto, meneja anakaa nyuma ya dereva, nawe unabaki mbele. Kumbuka tu kuvuta kiti chako mbele kidogo. Magoti ya mgeni yasilipie starehe yako.

Mkimpitia mke au mume wa meneja njiani, usingoje kuambiwa. Gari likisimama, shuka na mkoba wako, umwachie mlango wazi, uingie nyuma.

Kwenye matatu ya abiria 14 huwa napata kiti cha mbele katikati, kando ya dere. Jamaa wa dirishani anashuka mwisho, na kila mara lazima ashuke ndipo nipite. Kuna utaratibu? – Abiria wa Umoja

Upo, ila hausemwi: anayeshuka mwisho aingie kwanza, akae katikati, na anayeshuka karibu akae mlangoni. Kabla ya kuingia uliza tu, "Boss, unashukia wapi?" Swali hilo linawaokoa wote wawili, pamoja na dere ambaye angesimama mara mbili.

Ukikaa katikati, mkoba uwe mapajani, si karibu na gia wala breki ya mkono. Magoti yaelekee kushoto. Tafuta mkanda kabla gari halijaondoka. Sheria za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zililazimisha mikanda kwa kila abiria wa matatu, lakini kwenye kiti hicho kifungo chake mara nyingi huwa kimezama katikati ya viti na lazima ukichimbue kwa vidole. Kama ni mkanda wa kiunoni pekee, ukaze chini kwenye mifupa ya nyonga. Ukipita tumboni, breki ya ghafla itaumiza vilivyomo ndani.

Wa mlangoni ana kazi moja kubwa: kutazama kioo cha pembeni kabla ya kufungua. Bodaboda hupenya kati ya matatu na ukingo wa barabara hasa matatu inaposimama, na mlango uliofunguliwa bila kutazama unamwangusha mtu.

Na ukikuta mtu amekalia kiti cha mbele stejini tangu asubuhi, usigombane naye. Huenda ni wa kujaza gari, amewekwa hapo ili lionekane limekaribia kuondoka. Simama karibu na mlango. Abiria wa kweli wakifika atashuka mwenyewe.

Mume wangu hupenda kumpakata mtoto wetu wa miezi 7 akiwa kiti cha mbele, mimi nikiendesha. Wa miaka 6 naye anadai zamu yake mbele. Nawaambiaje? – Mama wawili, Kasarani

Waambie hapana, wote wawili.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 8 huvutwa mbele kwa nguvu inayozidi uzito wake zaidi ya mara ishirini. Hakuna mikono inayoshika mzigo huo, hata ya baba. Kisha mfuko wa hewa (airbag) hufumuka kutoka kwenye dashibodi haraka kuliko kupepesa jicho, na mtoto aliyepakatwa ndiye aliye katikati ya mfuko na kifua cha babake.

Huyo wa miezi 7 anahitaji kiti cha watoto kinachotazama nyuma, kifungwe kwenye kiti cha nyuma cha gari. Kukiweka mbele ni hatari zaidi kama mfuko wa hewa unafanya kazi, kwa sababu mgongo wa kiti hicho unakuwa karibu kabisa na dashibodi na mfuko ukifumuka unapiga nyuma ya kichwa cha mtoto. Tazama kibandiko kwenye kizuizi cha jua upande wa abiria: maandishi yanaweza kuwa ya Kijapani, lakini picha ya mtoto iliyopigwa mstari haihitaji kutafsiriwa. Baadhi ya magari yana swichi ya ufunguo ya kuzima mfuko huo, aghalabu ubavuni mwa dashibodi na huonekana ukifungua mlango wa kushoto. Mengi hayana.

Huyo wa miaka 6 akae nyuma kwenye kiti cha kumwinua. Atakiacha siku mkanda wa watu wazima utakapomkaa: mgongo umegusa egemeo, magoti yanakunjika kwenye ukingo wa kiti, mkanda wa chini uko kwenye nyonga, na wa juu unapita katikati ya bega bila kugusa shingo. Wengi hufikia hapo wakiwa na urefu wa karibu sentimita 145. Kuhusu kukaa mbele, wataalamu wa usalama hushauri angoje hadi atimize miaka 13, kwa hiyo zamu anayoidai haipo bado. Mpe kazi nyingine, kama kuchagua nyimbo.

Tuko wanne, tunaenda Mombasa kwa gari la rafiki. Mmoja amechangia mafuta mengi kuliko wengine na anasema mbele ni kwake hadi mwisho. – Mnyonge wa kiti cha nyuma, South B

Mafuta hununua safari, hayanunui kiti. Mbele huamuliwa kwanza na miili. Anayetapika garini ana haki ya kwanza: macho yake yakiona barabara inavyokunja, yanakubaliana na anachohisi mwilini, ilhali nyuma anaona tu mgongo wa kiti. Mpeni pia kopo lenye kifuniko, maana mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku mwaka 2017 na ya karatasi huloa. Anayefuata ni mwenye miguu mirefu. Kama hakuna wa namna hiyo, badilishaneni Mtito Andei, ambapo ni karibu nusu ya safari ya takriban kilomita 480.

Huyo mchangiaji ajue pia kwamba mbele kuna kazi. Hasinzii. Anasoma ramani na kumwambia dereva pa kukata kona kabla ya kufika, si wakiwa juu yake. Anafungua chupa ya maji ndipo ampe, anajibu simu ya dereva, na mkipita barabara ya kulipia ya Expressway anakuwa na pesa tayari kabla ya kibanda. Dereva akianza kupiga miayo mfululizo au gari likigusa mstari, yeye ndiye wa kusema, "Tusimame." Usingizi wa dakika 15 hadi 20 kando ya kituo cha mafuta unatosha kuwafikisha kituo kinachofuata. Mkibadilishana usukani, dereva aliyechoka aende nyuma alale. Akibaki mbele atakuwa anaendesha kwa mdomo.

Akishasikia hayo yote, kuna uwezekano mkubwa atakuachia kiti.

Nikiita teksi kwa simu nikiwa peke yangu, nikae wapi? – Msichana wa Roysambu

Nyuma kushoto. Linganisha namba za gari na zile zilizo kwenye simu kabla ya kugusa mlango, kisha ukiwa ndani hakikisha mlango unafunguka na kufuli ya watoto haijawekwa. Kukaa nyuma si kumdharau dereva. Salamu yako ndiyo atakayoipima. Mkiwa wanne, aliyeita teksi akae mbele, kwa kuwa ndiye mwenye ramani na M-Pesa.

Nikikaa mbele napenda kuweka miguu juu ya dashibodi. Mwenye gari ananuna. – Mtulivu, Lang'ata

Ana haki, na si kwa ajili ya vumbi la viatu tu. Mfuko wa hewa ukifumuka chini ya miguu yako, magoti yatarushwa usoni na nyonga inaweza kuvunjika. Shusha miguu, rudisha kiti nyuma, nyoosha huko chini.