Mume Hataki Kupima Afya? Jibu Langu kwa Dada Aliyeniandikia

Juzi msomaji mmoja, mama aliyevuka miaka 50, aliniandikia ujumbe mrefu. Mume wake ni mkubwa kwake kidogo, hajawahi kuugua ugonjwa wa kumlaza kitandani, na kila akimgusia habari ya kwenda kupima afya anajibiwa, "Kwani unataka nikaambiwe nina nini?" Ameshamtumia video za watu waliopooza, ameshawatuma watoto wamwambie, ameshanuna. Wapi. Mwisho akaniuliza: "Kaka, wewe ulikubali vipi?" Na chini kabisa akaongeza swali la mama mkwe wake wa miaka 82, nitalifikia.

Dada yangu, mimi sikukubali, nililazimishwa. Mwajiri wangu alikuwa anabadilisha bima, na kila mfanyakazi aliyevuka miaka 40 alitakiwa apimwe kwanza. Nilikuwa na miaka 48, napanda ngazi bila kuhema, nalala vizuri, sina kichwa kinachoniuma. Nilikwenda kama mtu anayekwenda kupigwa picha ya kitambulisho.

Nesi akanifunga mkanda wa kipimo cha presha juu ya mkono wa shati, mimi huku naongea na simu. Ikasoma 168 kwa 102. Akacheka. "Ni hizo ngazi, baba. Itashuka." Akaandika, akaniambia nipite. Sina kinyongo naye, au tuseme ninacho kidogo, maana kama mambo yangeishia pale ningerudi kazini nikiwa na furaha yangu na presha yangu.

Aliyenirudisha ni daktari mzee, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba. Alikuwa anapitia makaratasi, akaona namba zile, akaniita. Swali lake la kwanza: "Umekojoa?" Nikadhani nimesikia vibaya. Akanituma msalani. Niliporudi akanikalisha kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili sakafuni, marufuku kukunja nne, mkono wa shati juu, mkono wenyewe umelala mezani usawa wa moyo. Simu akaichukua akaifungia kwenye droo. Tukakaa kimya dakika tano, yeye anasoma mambo yake. Kisha akapima mkono wa kulia, akapima wa kushoto. 156 kwa 98.

"Unaona," akasema, "hizo 12 zilizopungua zilikuwa za ngazi, simu na mkojo. Zilizobaki ni zako."

Hakunipa dawa siku ile. Alinitaka nirudi siku nyingine, kwa sababu presha haitangazwi kwa kipimo cha siku moja isipokuwa iwe juu ya kutisha. Ikipimwa vizuri kituoni, kwa siku tofauti, ikawa inagonga 140 kwa 90 au zaidi, hapo ndipo inaitwa presha ya kupanda. Nilirudi, haikushuka, nikaanza dawa. Hadi leo nakunywa kidonge kila asubuhi na presha yangu imetulia. Miezi ya katikati sina la kuwasimulia, ni vidonge na kutembea.

Ninalotaka kuwasimulia ni kaka yangu. Nilipomwambia, mbele ya ndugu wote waliokuwa wamekusanyika, alisema: "Mdogo wangu anatafuta ugonjwa kwa tochi mchana." Wote wakacheka, hata watoto wangu. Toka siku hiyo, nikikataa kitu chochote, lazima atokee mtu wa kusema "mgonjwa wetu huyo". Miaka imepita na bado jambo hili linanichoma, nisiwadanganye. Na kinachonikera zaidi ni kwamba kaka yangu hajawahi kupimwa chochote na yuko mzima, ana miaka 60 na ushee, anatembea kifua mbele. Mnaosubiri niwaambie alianguka akapooza, hakuanguka. Namwombea asianguke. Lakini ndiye mfano ambao kila mwanamume mbishi anautumia, na kila ukoo unaye mmoja.

Kwa hiyo tuuache mfano wa mtu mmoja, tuangalie wengi. Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio mwaka 2021: watu wazima wa miaka 30 hadi 79 wenye presha ya kupanda walikuwa bilioni 1.28 duniani, na asilimia 46 kati yao hawakujua kama wanayo. Karibu nusu. Hao si wazembe wote. Presha haiumi. Sukari ya ukubwani nayo inaweza kukaa miaka bila kupiga hodi, huku inakula mishipa midogo ya macho, figo na miguu. Ndiyo maana hoja ya "mbona najisikia vizuri" haina uzito wowote hapa. Hata mimi nilijisikia vizuri.

Wengine mtasema tatizo ni pesa. Pesa ni tatizo, sibishi. Ila Uingereza tangu 2009 wamekuwa wakiwaalika watu wa miaka 40 hadi 74 wasio na maradhi yanayojulikana, kila miaka mitano, wapimwe presha, uzito, mafuta kwenye damu na hatari ya kisukari, bila kulipa. Na bado karibu nusu ya wanaoalikwa hawatokei. Kwa hiyo hata ukiondoa gharama, binadamu anabaki na ubishi wake, na woga wake, na ile "nitakwenda wiki ijayo".

Woga ndio mkubwa, dada. Mume wako hadharau vipimo, anaviogopa. Mtu asiyeogopa hasemi "unataka nikaambiwe nina nini". Na wewe umemwongezea kwa zile video za waliopooza. Acha kumtisha. Mtu mwenye hofu ukimtisha hakimbilii kwa daktari, anakimbia mazungumzo.

Niwaambie kilichofanya kazi nyumbani kwangu, maana hapa nina haki ya kujisifu kidogo. Mke wangu alikuwa mbishi kuliko mume wako. Alikuwa ananisindikiza mimi, yeye anakaa kwenye benchi na mkoba wake. Sikumhubiria. Siku moja alihitaji miwani ya kusomea, nikamwambia basi twende tukapimwe macho wote wawili, mimi ninatangulia. Nilipimwa mimi, akapimwa yeye. Mtaalamu akapima presha ya macho, akatazama nyuma ya jicho lake, akanyamaza, akatazama tena.

Wakampeleka kwenye kile kipimo cha upana wa kuona. Unaweka kidevu kwenye kishikio, jicho moja linazibwa, unatazama katikati ya bakuli jeupe lililo mbele yako, na kila nukta ya mwanga ikijitokeza unabonyeza kitufe. Mke wangu akabonyeza, akabonyeza, kisha akatulia. Akageuka kumwambia fundi: "Mashine yenu imezima." Haikuwa imezima. Nukta zilikuwa zinatokea upande ambao jicho lake la kushoto lilikuwa limeshaacha kuona, na yeye hajui, kwa sababu jicho la kulia lilikuwa linamfichia siri.

Glaukoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa kuonea taratibu. Alikuwa na miaka 51. Kilichopotea hakirudi, hilo tuliambiwa wazi, yeye na mimi, lakini matone anayoweka kila siku yamezuia uono usiendelee kupotea zaidi. Anasoma, anashona, ananiona ninapojificha na simu usiku.

Sasa ushauri wenyewe, dada. Mchagulie kitu kimoja kidogo. Usimwambie "ukapime afya", hiyo ni kubwa, inasikika kama kwenda mahakamani. Mwambie mkapime presha, basi. Nenda naye na upimwe wewe kwanza mbele yake. Mwanamume akiona mkewe amekaa kwenye kiti anaona aibu kubaki mlangoni. Halafu, na hili ndilo ninalolisisitiza kila siku, waombe waandike namba. Usikubali kuambiwa "iko sawa". Sawa kiasi gani? Namba ngapi juu, ngapi chini, tarehe ngapi? Andika kwenye daftari lako mwenyewe. Presha iliyokuwa 122 miaka mitatu iliyopita na leo ni 136 itaitwa "sawa" siku zote mbili, na daftari ndilo litakalokuonyesha kwamba inapanda. Andika namba. Nitalirudia mpaka mnichoke.

Ya presha yakipita salama, ongezeni sukari. Kwa aliyelala bila kula, 7.0 mmol/L na kuendelea, ikithibitishwa siku nyingine, ni kisukari. Kipimo cha wastani wa miezi mitatu kikisoma asilimia 6.5 au zaidi, hali kadhalika. Wewe dada, usijisahau kwa kumkimbiza mume: mlango wa kizazi unapimwa saratani hata kama hedhi imekoma, hata kama hujisikii chochote, na Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba ifikapo 2030 asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo cha kuaminika kabla ya miaka 35 na tena kabla ya 45. Kama umevuka 50 bila kupimwa hata mara moja, umechelewa lakini hujafungiwa mlango. Matiti, nchi nyingi zenye mpango wa picha za eksirei huanza miaka ya 40 au 50. Saratani ya utumbo mpana, Marekani walishusha umri wa kuanza kutoka 50 hadi 45 mwaka 2021, na kipimo cha kuanzia kinaweza kuwa sampuli ya choo tu unayoichukulia nyumbani, kinatafuta damu isiyoonekana kwa macho. Wanaume wengi nikiwatajia hilo wanakunja uso. Wanadhani kila kipimo cha mwanamume ni kidole. Hata tezi dume siku hizi mazungumzo huanzia kwenye kipimo cha damu, na ni kipimo cha kujadiliana na daktari kwanza, maana kinaweza kukuibulia uvimbe ambao usingekusumbua mpaka unakufa na mambo mengine.

Hapo ndipo wajuzi huniandikia. Kuna mmoja amenitumia mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya tafiti nyingi za tiba: majaribio 17, watu zaidi ya 250,000, na matokeo yake ni kwamba kuwaita watu wote kwa uchunguzi wa jumla hakupunguzi vifo, au kunapunguza kidogo sana. Ni kweli, nimeyasoma. Mengi ya majaribio hayo ni ya zamani, lakini sitajificha nyuma ya hilo. Ninachosoma mimi ni kwamba kupimwa peke yake si tiba. Mtu anapimwa, anaambiwa presha iko juu, anarudi nyumbani, hakuna anayemfuatilia, dawa anaacha mwezi wa pili. Kipimo hicho kimemsaidia nini? Na kwa upande mwingine, yale mafurushi ya vipimo 60 kwa mkupuo, pamoja na picha za mwili mzima, yanakutafutia vivimbe visivyo na maana na kukukosesha usingizi. Mimi nilishavutwa na tangazo la namna hiyo, daktari mzee akaniuliza: "Wakikuta kitu, umepanga kufanya nini?" Sikuwa na jibu, nikaacha. Swali hilo ndilo la kuuliza kabla ya kila kipimo. Presha ikikutwa, kuna la kufanya. Sukari, lipo. Mlango wa kizazi, lipo, maana mabadiliko yanayokutwa yanatibika kabla hayajawa saratani.

Wanaume wenzangu, nawageukia ninyi. Mnaosema "cha kufa hakina dawa" mkiwa mmefunga mkanda wa gari: acheni. Mnapeleka gari gereji kabla halijazima njiani, mwili mnasubiri uzime. Na mkishapimwa msifanye siri. Mke wako akijua namba zako atakukumbusha dawa hata siku mliyogombana. Wangu ananikumbusha kwa kuniwekea kidonge juu ya simu yangu, neno hasemi.

Sasa mama mkwe wa miaka 82. Hapa nitakwenda kinyume na mnavyonitarajia: msimzungushe kwenye vipimo vya saratani. Mipango mingi husimama karibu na miaka 75, na baada ya hapo ni uamuzi wa mtu na daktari wake, kwa sababu faida ya kuibua uvimbe unaokua polepole huchukua miaka mingi kuonekana. Mpelekeni akapimwe macho, masikio, presha akiwa amekaa na tena akiwa amesimama, maana ikishuka ghafla anaposimama ndipo anapoangukia chooni. Mwambieni daktari kama ameshawahi kuanguka mwaka huu, wazee hawasemi wenyewe. Na kabla hamjatoka nyumbani kusanyeni dawa zake zote, za hospitali, za duka la dawa, alizopewa na jirani, zilizoisha muda, zote mtie kwenye mfuko mmoja mwende nazo, mmwage mezani kwa daktari aone mwenyewe zipi zinagongana na zipi ziachwe.