Sonona inapopunguza mwendo: majibu kwa wasomaji

Barua za safari hii karibu zote zinazungumzia mwili wa mtu mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito (depression). Nimezifupisha.

Daktari, mume wangu ni seremala hodari. Tangu Januari anakaa kitandani asubuhi nzima ameshika shati tu, havai. Ukimuuliza kitu, jibu linachelewa mpaka unasahau ulichouliza. Mawifi wanasema amekuwa mvivu. (Mke, Morogoro)

Mvivu hukwepa kazi, lakini akiitwa kwenye mpira miguu yake inapata nguvu. Mtu aliyebanwa na sonona nzito hupungua kasi hata kwa yale anayoyapenda: hatua zinakuwa fupi, mikono haipungi anapotembea, mabega yanainama, sauti inashuka. Kuoga kunakuwa kazi ya nusu siku. Katikati ya ubongo kuna sehemu zinazoanzisha na kuratibu mwendo, na zinategemea sana kemikali iitwayo dopamini. Inaelekea sonona huvuruga mawasiliano ya sehemu hizo, ndiyo maana hata kuanza kunyanyua mkono kunachukua muda. Wengi huwa wazito zaidi asubuhi, jioni wanachangamka kidogo, na hapo ndipo ndugu hupita na kusema, "Mbona yuko sawa?"

Dalili hii imo kwenye vigezo vya kutambua ugonjwa, tena kwa sharti kwamba watu wengine waione. Mgonjwa kujihisi mzito peke yake hakutoshi. Dodoso la PHQ-9, yaani maswali tisa ya kupima sonona, linalotumika kwa Kiswahili Kenya na Tanzania, linaigusa katika swali la 8: katika wiki 2 zilizopita, je, umetembea au kuongea polepole kiasi cha wengine kugundua, au kinyume chake? Basi shahidi ni wewe. Fuatana naye kliniki, ueleze hivi hivi ulivyoniandikia, hasa hilo la shati. Omba pia apimwe damu na homoni za tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu na tezi iliyolegea huleta uzito unaofanana na huu.

Mama yangu hatulii. Usiku anazunguka uani, anakunjakunja upindo wa kanga, anajikuna mikono. Zahanati wamesema sonona. Sonona si kulala tu? (Kijana, Tanga)

Ile "au kinyume chake" ya hapo juu ndiyo mama yako. Wapo wanaopungua mwendo, wapo wasioweza kukaa, na wapo wanaopitia yote mawili. Hii ya kutotulia hunitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa ikiungana na kukosa usingizi hatari ya kujiua hupanda. Muulize mama waziwazi kama anawaza kufa. Swali hilo halimpandikizii wazo hilo kichwani. Kama alianza kuzunguka baada ya kupewa dawa mpya, warudieni waliomwandikia, kwani baadhi ya dawa za akili zenyewe huleta hali hiyo.

Baba ana miaka 67, anatembea polepole, na mkono wa kulia unatetemeka akiwa amekaa. Ni sonona? (Nakuru)

Mtetemo wa mkono mmoja uliotulia, hasa viungo vikiwa vimekakamaa na mwandiko ukiwa umekuwa mdogo, unanielekeza kwenye ugonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo. Magonjwa haya mawili huweza kukaa pamoja, na wakati mwingine sonona hutangulia. Aonwe na daktari wa mishipa ya fahamu.

Kila mtu ananiambia nikakimbie asubuhi. Kusimama tu kunanichosha.

Ushauri wao ni mzuri, kipimo ndicho kibaya. Mazoezi husaidia kweli, lakini humwanzishi mtu asiyeweza kufika bafuni kwa kumkimbiza alfajiri. Chagua saa ambayo mwili wako ni mwepesi, hata ikiwa ni saa kumi na moja jioni. Leo toka, ukae kwenye kiti barazani. Ukishazoea, nenda mpaka dukani. Fuata ratiba, usisubiri hamu, maana hamu huja nyuma ya mwendo.

Na kama umeanza dawa, nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4. Kwa wengine nguvu za kutembea hurudi kabla huzuni haijaondoka. Hicho ni kipindi cha kumwangalia mtu kwa karibu, kwani anaweza kupata nguvu za kujidhuru. Vidonge, hasa amitriptilini, dawa ya sonona iliyo hatari ikimezwa kupita kiasi, atunze mwingine.

Mdogo wangu haongei wala hali kwa siku ya tatu. Ukiinua mkono wake, unabaki juu. Tumeita wa dua.

Dua iendelee mkiwa njiani kwenda hospitali, tena leo. Hali hii huitwa katatonia. Sonona ni moja ya vyanzo vyake, lakini malaria kali na maambukizi ya ubongo lazima yaangaliwe pia. Mara nyingi hulegea kwa dawa za jamii ya diazepamu, pengine ndani ya saa chache. Akiachwa, hukaukiwa maji, na damu huweza kuganda miguuni. Msimlishe kwa nguvu akiwa amelala chali, atapaliwa.