Re: Kwa nini Cleveland Browns hawapati kwotabeki?

Mkuu, umeuliza inakuwaje timu ya futiboli ya Marekani yenye pesa kama Browns ihangaike miaka yote na mtu mmoja, kwotabeki, yule mrushaji mpira anayeongoza mashambulizi. Pesa si tatizo. Timu za NFL, ligi yao, ziko 32, na wanaoiweza kazi hiyo sawasawa kwa maoni yangu hawafiki hata nusu yake. Kijana anatamba chuoni, akifika huku ana kama sekunde tatu za kusoma ulinzi mzima huku majitu yanamjia.

Browns walirudi ligini 1999, wakamchagua kwotabeki Tim Couch nambari 1 kwenye drafti, yaani zamu za timu kuchagua vijana wa vyuo. Hakudumu. Wakamchukua Johnny Manziel 2014, yaleyale. Baker Mayfield wa 2018 aliwapa hadi ushindi wa mtoano dhidi ya Pittsburgh, nao wakamwacha! Mwaka 2022 wakatoa nafasi tatu za raundi ya kwanza ya drafti ili kumpata Deshaun Watson, wakampa na mkataba wa dola milioni 230 za uhakika, akaishia kufungiwa na ligi kisha kuandamwa na majeraha. Mayfield akaja kung'ara kwenye timu ya Tampa Bay.

Mimi nalaumu pia kubadili makocha ovyo, maana kila kocha na mfumo wake. Halafu kuna bahati: mwaka 2000 Browns walimchukua kwotabeki Spergon Wynn nambari 183. Tom Brady, ambaye wengi humwita kwotabeki bora wa wakati wote, alikuwa bado yupo, akaenda nambari 199.