Maswali Yenu: Nyasi Zimegoma Kuota, Tufanyeje?

Nilinunua kilo 10 za mbegu za nyasi nikazimwaga kwenye ekari 5 za malisho, mvua za Novemba zilipokwisha kuanza. Udongo ni mwekundu, mgumu, uko wazi kabisa, na pana mteremko kidogo. Hakuna kilichoota ila vishungi vichache kando ya njia ya ng'ombe. Je, niliuziwa mbegu mbovu? (Mfugaji, Makueni)

Kiasi ulichotumia ni sahihi: kilo 2 kwa ekari. Kabla ya kumlaumu muuzaji, itazame ardhi. Udongo ukikaa uchi, matone ya mvua huuponda, vumbi laini likaziba vitundu vya juu, na jua likiwaka unabaki ukoko mwembamba lakini mgumu. Mvua inayofuata haizami. Inateleza na kuondoka na mbegu. Vishungi ulivyoviona vinaeleza kila kitu: kwato zilivunja ukoko, na mbegu zilizokuwa zikisombwa zikanasa kwenye alama za kwato.

Kwa hiyo yashike maji kwanza. Wakati wa kiangazi, chimba makinga maji ya nusu mwezi. Anza kwa kupima kontua, yaani mstari wa usawa unaokingama mteremko, kwa fremu ya A: miti miwili ya mita 2 iliyofungwa pamoja juu, mti wa tatu ukiwa umekingamishwa katikati, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni. Isimamishe, weka alama pale kamba inapogusa mti wa katikati, kisha badilisha miguu nafasi na uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo: kamba ikiangukia hapo, miguu yote miwili iko kwenye kontua. Usikadirie kwa macho. Mteremko mdogo hudanganya sana.

Juu ya mstari wa kontua, pigilia kigingi, funga kamba ya mita 2 na uchore nusu duara. Ncha zote mbili zikae kwenye mstari, tumbo lielekee bondeni. Chimba ndani sentimita 15 hadi 20, urundike udongo kwenye ukingo wa chini na uushindilie kwa miguu. Tuta liwe na sentimita 30 katikati, lipungue kuelekea kwenye ncha. Acha mita 4 kabla ya nusu mwezi mwingine, na mstari unaofuata uuanze mita 4 chini, ile mianya ya juu ikabiliane na matumbo ya chini. Ekari moja itaingia kama 125.

Mengi huharibikia kwenye ncha. Moja ikiwa chini kuliko mwenzake, maji yote hukimbilia huko na mvua kubwa ya kwanza hulikata tuta. Pima kila nusu mwezi kwa fremu baada ya kuchimba, hata kama umechoka. Kosa la pili ni tuta lenye tumbo la chini kuliko ncha: maji hupita juu yake badala ya kuzunguka pembeni.

Sasa mbegu. Huku Ukambani changanya nguu (Enteropogon macrostachyus), ambayo huwahi kuota, na ndata kivumbu (Cenchrus ciliaris) pamoja na mbeetwa (Eragrostis superba). Mbegu zilizovunwa juzi huwa bado zimelala, hivyo tafuta zilizohifadhiwa pakavu miezi kadhaa. Zijaribu: tandaza mbegu 100 kwenye kitambaa chenye unyevu, uhesabu zilizochipua baada ya siku 14. Zikiwa chache, ongeza kiasi. Zisipochipua kabisa, hapo una haki ya kurudi dukani. Kwatua udongo ndani ya nusu mwezi kwa reki, nyunyiza, kisha buruta tawi la miiba juu yake ili mbegu zifunikwe kwa sentimita 1 tu. Fanya hivyo Oktoba, udongo ukiwa bado mkavu, ili mvua ya kwanza izikute. Ukipanda ndani ya nusu mwezi pekee, kilo 1 kwa ekari inatosha na kubaki.

Ng'ombe wasiingie msimu wote wa kwanza, hadi nyasi zipukutishe mbegu. Ukihitaji lishe, kata kwa mundu. Shina changa likivutwa na ng'ombe hung'oka na mizizi yake.

Kila mwaka tunagawiwa miche, tunaipanda Januari, Agosti yote imekauka. Halafu shambani tuna visiki vya migunga na mikwaju. Tunavifyeka kila tukilima, navyo vinachipua tena. (Mama mkulima, Chamwino)

Mama, hivyo visiki ndivyo miti yako. Mizizi yake ilishafika kwenye unyevu miaka mingi iliyopita, wakati mche wa kiriba una mizizi mifupi ya kukabili miezi saba ya ukame wa Dodoma. Acha kuvifyeka na ufanye kisiki hai, njia ambayo tangu miaka ya 1980 imerudisha miti kwenye mamilioni ya hekta za mashamba nchini Niger.

Kiangazi, chagua kwenye kila kisiki machipukizi 2 au 3 yaliyonyooka na yaliyotoka chini, karibu na udongo. Yaliyotoka juu ya kisiki hubanduka kwa upepo. Mengine yakate. Pogolea matawi ya pembeni hadi nusu ya urefu, usizidishe, maana shina jembamba lenye kichwa kizito huinama na kuvunjika. Panga iwe kali, na ukate kutoka chini kwenda juu ili gome lisichunike. Funga kitambaa cha rangi ili mwenye plau na mchungaji wajue mti huo una mwenyewe. Rudi kila baada ya miezi michache kuondoa machipukizi mapya. Kwenye shamba la mtama, visiki 15 hadi 20 kwa ekari vinatosha. Matawi ya miiba uliyoyakata yatandaze palipo na upara. Yatazuia mbuzi na kunasa mbegu.

Nimesikia mathenge hustahimili ukame kuliko mti wowote. Niagize mbegu? (Msomaji, Longido)

Usiagize, tafadhali. Mathenge (Prosopis juliflora) ulipelekwa Baringo, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia hiyo hiyo. Mbuzi wanakula maganda yake matamu, mbegu zinatoka kwenye kinyesi zikiwa hai, na vichaka vimefunga malisho na njia za maji. Ukikata bila kung'oa kisiki, unachipua upya.

Korongo nyuma ya nyumba yetu limefika mita 2. Tulijaza mawe, mvua ikayabeba. Wazee wanasema zamani mifugo iliondolewa huku na ardhi ikapona. Ni kweli? (Kijana, Kondoa)

Ni kweli. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 1,200 lililokuwa limeliwa na mmomonyoko. Nyasi zilirudi, kisha miti, kwa sehemu kubwa bila kupandwa. Lakini kaya zilikosa maziwa na samadi, na mifugo ikaenda kulemea ardhi ya wengine. Kwetu sisi, kufunga kipande kimoja kwa zamu, kama Wasukuma wanavyofanya na ngitili (malisho wanayoyatenga kwa ajili ya kiangazi), ni bora zaidi.

Kuhusu mawe yenu: maji yaliyapitia pembeni. Kwanza chimbeni mtaro wa kontua juu ya kichwa cha korongo, uyapeleke maji mahali penye nyasi. Kisha jengeni vizuizi vya mawe visivyozidi mita 1, mkianzia kwenye vijikorongo vidogo vya juu. Kila kizuizi kizamishwe sentimita 30 sakafuni na 50 ndani ya kila ukuta. Katikati pawe chini kuliko pembeni kwa sentimita 20 hadi 30, ili maji yapite hapo, na upande wa chini tandazeni mawe makubwa ya kupokea maporomoko. Bila hayo maji huchimba msingi. Kitako cha kizuizi cha juu kiwe usawa mmoja na mdomo wa kile cha chini, yaani pale katikati maji yanapopita. Kingoni pandeni mkonge kwa safu mbili, na tope likijaa nyuma ya kizuizi, pandeni nyasi juu yake kabla ya mvua ya pili.